Mwaka wa Dagaa wa Bi Zena

Mwezi uliopita nilishuka Magu kununua mchele, ingawa ninakoishi sasa mchele upo tele. Mimi nina ugonjwa wa kushuka. Nimefundisha shule saba katika mikoa mitano, nimepanga vyumba ambavyo vingine nimesahau hata milango yake ilitazama wapi, na hadi leo basi likipunguza mwendo mguu wangu mmoja unakuwa umeshafika mlangoni. Kando ya barabara, nyuma ya magunia, alikaa mzee mnene mwenye kofia ya pama, akimimina mchele kiganjani na kuupuliza pumba. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu bila kuinua uso. Kisha akauinua, akanitazama kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali. "Mwalimu Stazia," akasema. "Bado unakaanga dagaa?"

Nililitambua swali kabla sijaitambua sura. Alikuwa Masanja, Koplo Masanja wa polisi, jirani yetu wa Igogo, Mwanza, katika mwaka wa Uhuru, mtu niliyemwogopa mwaka ule kuliko mamba. Alinisogezea kigoda, akamwita mkewe aongeze maji ya ugali, kisha akanipa habari ambayo sikuwa nayo: Bi Zena alifariki mwaka jana, katika nyumba ile ile ya chini ya jiwe. "Alikuwa anakuulizia," akasema. "Kila nikienda mjini aliniuliza, mwalimu wangu wa dagaa yuko wapi? Namwambia, yule, nani anajua." Nilikaa pale kusubiri ugali na nikajikuta sipo Magu tena.

Nilikuwa na miaka ishirini. Cheti changu cha sekondari kilikuwa bado kinanukia wino, na nilikuwa nimepangiwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya watoto pale mjini. Chumba nilikipata kwa Bi Zena na mumewe, Mzee Feruzi, fundi cherehani. Ukuta mmoja wa chumba hicho haukujengwa na mtu, ulikuwa jiwe lenyewe, lile jiwe kubwa kuliko nyumba ambalo nyumba iliegemea kama mlevi aliyeegemea rafiki. Mchana wa jua lilikuwa baridi, ningeweza kulibandikia shavu. Msimu wa mvua lilitoka jasho. Dirisha lilikuwa dogo, la kutosha kipande cha ziwa na kamba moja ya nguo. Ukuta wa pili ulikuwa wa udongo na haukufika juu, kwa hiyo maneno yote ya chumba cha wenye nyumba yalipita kwa juu yakanishukia kitandani.

"Feruzi, umelala?"

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

"Nisipojibu utasema nimekufa."

"Ukifa nitajua. Utaacha kulalamika."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao, na kwa miezi ya kwanza nilidhani ni ugomvi. Bi Zena alikuwa mwanamke mfupi, mweupe wa maji ya kunde, aliyetembea kwa haraka hata akiwa ndani ya nyumba. Kazi yake ilikuwa vitu vitamu: visheti, kashata za nazi, halua katika harusi za mji mzima. Asubuhi alinipa mkate wa kumimina uliobaki na chai ya tangawizi kali hadi machozi, na jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Dagaa waliliwa katika nyumba ile kuliko nyumba yoyote niliyopata kuijua. Alhamisi walikaangwa tangu alfajiri, na watu walikuja kuwaomba kama dawa.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa pili wa kukaa kwangu nilipoamka mapema na kunusa harufu nyingine nyuma ya ile ya dagaa, imejibanza kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Nilitoka uani. Palikuwa na majiko mawili. Kwenye moja dagaa walirukaruka katika mafuta. Kwenye jingine makaa yalikuwa karibu kufa, na juu yake kulikuwa na sinia lililofunikwa kwa sinia. Bi Zena alikuwa amechuchumaa mbele ya hilo la pili, pua mbele.

"Ni nini hicho, Bi Zena?"

"Majani."

"Ya chai?"

"Ya mzee."

Alifunua kidogo, nikaona. Masista walionilea shuleni walikuwa wametuonyesha picha ya mmea ule ubaoni na kutuambia kwamba anayeutumia huvua nguo sokoni. Nilirudi chumbani nikaanza kufunga sanduku. Nilikuwa nimefika kwenye viatu wakati Bi Zena aliposimama mlangoni, akamwita mumewe. Mzee Feruzi alikuja na kanzu yake ikiwa wazi kifuani, akanyoosha mikono mbele yangu kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Vidole vilikuwa vimejikunja na kuvimba, kama vipande vya tangawizi. Baridi yabisi. Bi Zena alianza kumfunga vifungo vya kanzu, kimoja kimoja. "Fundi huyu," akasema, "amefunga vifungo vya mji mzima. Mtazame sasa." Mzee akacheka. "Usimwonyeshe mtoto wa watu aibu yangu asubuhi yote, mwanamke. Nina miguu pia, nayo ni mibaya."

Nilifungua sanduku. Kumbe kila jioni, baada ya magharibi, alikula kipande kidogo cha majuni, tamutamu la samli, sukari, iliki na majani yale, akalala, na asubuhi vidole vilikuwa vimelegea vya kutosha kushika sindano. Bila majuni hakulala, na asipolala mikono haikufunguka. Nilimuuliza Bi Zena, kwa kiburi cha cheti changu, kwa nini asimpe tu majani yenyewe mabichi, kazi yote ile ya majiko mawili ni ya nini. Aliniambia majani mabichi yamelala. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia uani akala shada zima, akaondoka zake akilia njaa. "Moto ndio unaoyaamsha," akasema. "Moto uliochoka, si moto wenye hasira. Ukiyashtua yanakufa." Yeye alisoma chuo cha Kurani, herufi zake zilikuwa za Kiarabu, na akaniandikia kwa kijiti kwenye majivu neno majani, halafu chini yake majuni. "Unaona? Alifu imegeuka wau. Aliyeigeuza ni moto." Nimefundisha sarufi miaka zaidi ya ishirini, na sijapata mfano uliokaa kichwani mwa mtu kama ule.

Tatizo lilikuwa Koplo Masanja. Alipanga nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na uani kwetu, pamoja na mama yake. Alikuwa kijana mrefu wa Kisukuma wakati huo, kaptula imepigwa pasi hadi inaweza kukata mkate. Nilimsikia kila asubuhi akipiga mluzi huku anang'arisha buti. Na kila Alhamisi, majuni yakiwa bado ya moto kwenye sinia, alibisha hodi. "Bi Zena, mama anauliza kama kuna dagaa." Bi Zena alimpa sahani iliyofunikwa kwa kawa, wakataniana kuhusu wanawake wa Kisukuma na waume wavivu, akaenda. Mimi nilikuwa chumbani nimeshika pumzi, nimeegemea jiwe. Sikuelewa mwanamke yule alipewa moyo wa namna gani, kumpakulia polisi dagaa hatua tatu kutoka kwenye sinia lile.

Mwaka ukasonga, na mji wote ukaanza kuongea habari moja. Wazee kwenye vibaraza walibishana kama baada ya Uhuru treni itakuja mara nyingi zaidi. Wanafunzi wangu waliniuliza kama kutakuwa na mtihani. Mzee Feruzi, aliyeshona kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, alikuwa na jambo lake. Miaka kadhaa nyuma, malkia wa Waingereza alipovikwa taji, ni yeye aliyeshona bendera zilizotundikwa barabarani. "Ile ya kwao ina mistari mingi kama ramani ya reli," alisema wakati wa chakula, "nikaishona, haikupinda hata uzi. Sasa itakuja ya kwetu. Sitaki kufa nimeshona ya Malkia na ya kwangu kashona mtu mwingine." Nilizungumza na mwalimu wangu mkuu, naye akamwagiza bendera kumi na mbili kwa shule za mjini na za kandokando, sharti ziwe tayari wiki moja kabla ya sherehe. Zikichelewa, kazi ingekwenda kwa fundi wa mtaa wa pili mwenye mashine mpya. Bendera yetu ya kwanza ilikuwa ya kijani na nyeusi, na kati ya rangi hizo ulipita mstari wa manjano, mwembamba, juu na chini. Kijani na cheusi mtu yeyote angeviunga. Mstari ule wa manjano ulitaka mkono.

Kitambaa kilifika Jumatatu. Jumanne ikaja simu ya maandishi kutoka Bukoba kwamba dada yake Bi Zena hajiwezi. Nilimsindikiza gatini. Alikuwa na kikapu cha visheti kwa wagonjwa na mawaidha ya mwezi mzima kwa dakika tano. "Majani yako kwenye mtungi nyuma ya mlango. Alhamisi alfajiri, kabla upepo haujageuka. Moto uliochoka. Usikose dagaa kwenye jiko la pili. Na watu wakija kuomba dagaa, wape. Usimnyime mtu, wengi ni wazee."

"Hata Koplo?"

"Koplo ndiye wa kwanza! Mama yake yule..." Honi ya meli ikalia, ndefu, na midomo yake ikaendelea kutembea bila sauti. Mimi nikatikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Ndiyo kasoro yangu kubwa maishani, kutikisa kichwa.

Alhamisi ile ya kwanza niliwasha majiko kabla ya adhana. Nikasikia mluzi nyuma ya ukuta, na buti zikipigwa brashi, nikaharakisha. Majani hayakukaa kwenye sinia hata muda wa kumaliza Salamu Maria mbili. Niliyatoa yakiwa bado kijani kibichi, nikayatosa kwenye samli na sukari, nikamwaga iliki nyingi. Yalipoganda yalikuwa mazuri, yana rangi kama ya bendera. Mzee alikula jioni akasema mashaallah. Asubuhi nikamuuliza amelalaje. "Kama mtoto mchanga," akasema. Nilikwenda shule nikiwa nimenyoosha mabega. Sikuwa nimezaa wakati huo, sikujua kwamba mtoto mchanga halali.

Mchana uleule wa Alhamisi na Alhamisi iliyofuata nilitekeleza agizo la gatini. Koplo alikuja. Nilimpa sahani ya dagaa, iliyojaa hadi kawa haikai sawasawa, na vipande vya limau. Alifunua, akatazama. "Dagaa," akasema.

"Dagaa, afande. Wapya kabisa."

"Asante, mwalimu." Akaondoka taratibu.

Baada yake walikuja wengine, wazee wa mtaa, mmoja na fimbo, mwingine na mjukuu wa kumshika mkono. Bibi mmoja aliyekuwa anatembea ameinama kama anatafuta sindano alifunua sahani yake palepale mlangoni. "Dagaa tu?" akauliza.

"Na limau, bibi."

"Na limau," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

Niliona watu wa Igogo hawana shukrani. Nikaongeza pilipili.

Wiki ya pili ilikuwa inaisha niliposikia, alfajiri, sauti ya mzee juu ya ukuta. Alikuwa anaongea na mikono yake. "Funguka, bwana. Wewe wa kwanza funguka, ndugu zako watakuona na watakufuata. Haya. Basi nusu." Nililala nimefumbua macho hadi jua. Mchana, badala ya kukaa ofisini kusahihisha madaftari, nilimpelekea chakula barazani. Bendera ilikuwa mapajani mwake, na mstari wa manjano ulikwenda vizuri hatua moja, halafu ukaanza kuyumba, ukapanda, ukashuka, kama nyoka anayevuka barabara. Alikuwa anaufumua kwa meno kwa sababu vidole vilikataa mkasi. Ilikuwa bendera ya kwanza. Zilibaki kumi na moja na siku hazikutimia ishirini.

"Kitambaa kibovu hiki," akasema aliponiona.

"Mzee, majuni yangu hayafanyi kazi."

"Yanafanya. Ni matamu sana."

"Mzee."

Aliiweka bendera chini. "Mwanangu, majani yako yana usingizi mzuri kuliko wangu. Nimeona vibaya kuyasumbua."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mwalimu akikosolewa asubuhi, watoto wa watu hulipia mchana, na yeye aliwaonea huruma watoto. Halafu akasema, akiwa anatazama barabara, kwamba labda Mungu hakupanga. Yule fundi wa mtaa wa pili ni mtu mwema, mkono wake ni mzuri, apelekewe kitambaa kesho. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia sukari. Nikasema kitambaa hakiendi popote.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, saa tisa ya mchana, na nikafanya makosa yote yaliyokuwa yamebaki. Sikungoja Alhamisi, sikungoja alfajiri. Nilijaza jiko makaa, nikayapepea kwa kifuniko cha sufuria hadi yakawa mekundu kama jicho, nikabandika sinia. Dagaa hawakuwapo nyumbani hata mmoja, tulikuwa tumewagawa. Upepo wa mchana Mwanza hutoka ziwani, na uliukuta moshi wangu uani, ukaubeba, ukaupandisha mlimani katikati ya mawe, nyumba kwa nyumba, kama unapeleka barua. Nilikuwa bado nakohoa nilipoona buti mlangoni. Zilikuwa zinang'aa. Juu yake kulikuwa na soksi, kaptula, mkanda, vifungo vya shaba, na mwisho uso wa Koplo Masanja.

"Hodi, mwalimu. Unapika nini?"

"Dagaa," nikasema.

Akatazama jiko. Akalitazama jingine, tupu, baridi. Akavuta pumzi kwa pua, bila haraka. "Dagaa wako wanaungua."

"Ndiyo, afande."

"Bi Zena hawapiki mchana. Mchana upepo unapanda kwa watu, kila mtu anajua leo kwako mnakula nini. Yeye anapika alfajili, upepo unaelekea majini. Na huo moto ni wa kuchoma mahindi. Dagaa hawataki halaka, mwalimu. Dagaa wamelala. Unawaamsha pole pole, kama unaamsha mgonjwa. Unawafunika. Wakibadilika langi wakawa kama jani la mgomba lililokauka, unatoa. Wakiwa weusi kama hawa wamekufa, wazike." Akageuka kwenda, kisha akarudi nusu. "Mama anauliza kama kuna dagaa. Lakini hawa hapana. Tutasubili Alhamisi."

Alipokwenda nilikaa chini kwenye majivu. Dagaa gani huamshwa? Neno lile lilikuwa la Bi Zena, nililisikia kwake tu. Kwa hiyo koplo anajua, nikawaza. Halafu nikawaza, au hajui, amenukuu maneno ya jikoni ya mama yake, na Alhamisi atakuja na pingu. Niliwaza hivyo na hivyo hadi nikachoka. Kilichokuwa wazi ni kwamba zimebaki bendera kumi na moja na mtungi una majani ya mara moja tu.

Alhamisi nilifanya kila kitu kama Koplo alivyosema. Nilingoja makaa yafe kiasi cha kuweka kiganja juu yake. Nilifunika. Mluzi ulikuwapo nyuma ya ukuta, nikauacha upige. Kulikuwa na wakati ambapo harufu iligeuka. Ile ya ukali wa nyasi iliondoka, ikaja nyingine, nzito, kama ya njugu zikikaribia kuiva, na nikajua bila kufunua. Rangi ilikuwa ile ile ya jani la mgomba. Majuni yale hayakuwa na uzuri wowote wa kutazama. Mzee alikula kipande baada ya magharibi, akasema hayana utamu wa yale ya kwanza, akaingia ndani. Nilipanda kitandani nikategea sikio juu ya ukuta. Kwanza kimya. Kisha ukaanza mkoromo, mpana, unaokwenda na kurudi, mfano wa boti la mizigo likitafuta gati. Sijapata kusikia muziki mzuri kama ule, nami nimelala hoteli zenye redio.

Na koplo? Alikuja asubuhi ile ile ya Alhamisi, alivyoahidi. "Mama anauliza." Chini ya kitanda changu kulikuwa na sinia la majuni, jikoni kulikuwa na sufuria la dagaa. Kama anajua, ninajua anachoomba. Kama hajui, nitakuwa nimemkabidhi polisi ushahidi kwa mikono yangu miwili, na mzee na bendera zake wataishia kituoni. Nikampa dagaa. Niliweka na nyanya. Akafunua, akatazama dagaa, akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema mwishowe, "wewe ni mkarimu sana."

Mzee Feruzi alishona bendera kumi na moja kwa siku kumi na mbili. Ile ya kwanza, ya mstari wa nyoka, alikataa kuifumua tena, akanipa. Ipo ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, na imehama nami shule zote saba. Ya kumi na mbili aliishona kwa kitambaa alichoongezewa na mwenye duka. Siku ya sherehe tulisimama uwanjani asubuhi na mapema, watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, na mwalimu mkuu akavuta kamba. Watu wote walitazama juu. Mimi nilimtazama mzee. Kanzu yake ilikuwa imefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na Bi Zena alikuwa bado Bukoba. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali. "Umenyooka?" akaniuliza sikioni. "Ule wa manjano?"

"Umenyooka, mzee."

"Wa juu na wa chini?"

"Yote."

"Basi imbeni," akasema.

Bi Zena alirudi wiki iliyofuata, dada yake amepona. Kutoka gatini hadi Igogo alisimamishwa na watu sijui wangapi, na alipofika nyumbani machozi yalikuwa yanamtoka na ameshika mwimo wa mlango asianguke. "Mwanangu, uliwapa dagaa?"

"Wote, Bi Zena. Sikumnyima mtu."

"Na Mama Masanja?"

"Wa kwanza."

Alikaa sakafuni, akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Nilidhani ni furaha ya kuona bendera. "Umefanya vizuri," alisema alipoweza kusema. "Dagaa wanajenga mifupa." Mwezi mmoja baadaye niliomba uhamisho, kwa sababu tu nilisikia Kigoma nako kuna ziwa, na sikurudi Igogo tena. Nilijua nitarudi. Watu wa aina yangu hudhani nyumba zinatungoja.

Pale Magu nilimuuliza Masanja, miaka ile yote baadaye, swali nililolibeba. Ulijua?

Alicheka hadi kofia ikadondoka kwenye mchele. Mama yake, alisema, mgongo ulikuwa umemwisha, halali, na kwa Bi Zena ndiko alikopata usingizi, yeye na nusu ya wazee wa mtaa. Dagaa ndilo lilikuwa jina la majuni pale mtaani. "Kila mtu alijua, mwalimu! Mtoto wa chekechea alijua. Sahani ya dagaa, chini yake kipande kimefungwa kwenye jani. Wewe ukaleta sahani, mama anapekua chini, hakuna. Anapekua tena. Anasema, labda Alhamisi ijayo. Alhamisi ijayo, limau."

"Kwa nini hukuniambia waziwazi?"

"Nilikuwa nimevaa sale ya polisi." Alisema hivyo kwa uzito, kicheko kimeisha. "Mtu aliyevaa sale akikitaja kitu kile kwa jina lake la kweli, inabidi akamate. Mkubwa wangu alipita siku ile ya moshi, akaniuliza, nini kile? Nikamwambia, mwalimu anaunguza dagaa. Na wewe ukaniambia dagaa. Nikasema, haya, tumeelewana. Kumbe hatujaelewana." Akaokota kofia. "Mama alikula dagaa wako mwezi mzima na nusu. Unajua alisemaje? Alisema, binti yule ana huruma, ana adabu, Mungu amtunze. Lakini kumpa kazi ya kufundisha Kiswahili, hapo Selikali imekosea."

Nilicheka na nikalia kidogo, kwa ajili ya mgongo wa yule mama na kwa ajili ya Bi Zena chini ya kanga yake. Mke wa Masanja akaja na sinia, akaliweka juu ya gunia kati yetu, ugali na bakuli lililofunikwa. Masanja alinawa, akanisogezea bakuli, na mkono wake ukabaki juu ya kifuniko. Akatazama barabara upande huu na upande ule, kama zamani, kisha akafunua.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Hawa ni dagaa."